Farasi Aliyenyolewa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumsugua farasi kwa mchanga. Kwetu sufuria husuguliwa hivyo, kwa mchanga na majivu, mpaka uone uso wako, na hakuna aliyekuwa amenifundisha njia nyingine. Alikuwa farasi wa plastiki wa kuenea kiganjani, mwenye nywele za nailoni, niliyemwokota chini ya meza za mitumba sokoni Migori, pale wachuuzi walipotupa makorokoro yaliyotoka ndani ya marobota. Uchafu ulitoka. Maua mekundu yaliyochorwa pajani mwake yakatoka pia.

Niliendelea kuokota na kusafisha farasi wa namna hiyo, lakini tangu hapo nikawa mwoga. Kila sabuni niliijaribu kwanza chini ya kwato. Macho niliyasafisha kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti cha kibiriti. Nikiona unywele mmoja umekaa upande, nilianza upya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na kazi, na vijana wa sokoni waliniita daktari wa punda. Mmoja alinitumia salamu kwamba punda wa baba yake anaharisha, nije upesi na mswaki wangu.

Siku moja alipita mama mdogo, ndugu yake mama, aliyekuwa akiishi Homa Bay. Alikuwa anatoka Sori kumzika mama mkwe wake, watoto wametangulia nyumbani, na kichwani alijifunga kitambaa. Alinipa farasi wa kitinda mimba wake, aliyezungushiwa gazeti. Farasi huyo alinuka omena, maana mtoto alikuwa akicheza naye penye dagaa hao walipoanikwa.

"Ioshe tu, wuoda," aliniambia, akiniita mwanawe kwa Kijaluo.

Nilimwosha. Lakini nywele za shingoni na mkia zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye ngozi, na mimi sikuweza kuvumilia. Nikaamini ni utundu wa mtoto aliyepata makasi. Nilinunua nywele za nailoni kwa msusi, nikalowesha kichwa katika maji ya moto mpaka kikalegea, nikakichomoa, nikashona tundu baada ya tundu. Mara mbili nilifumua zote kwa sababu upande mmoja ulijaa kuliko wa pili. Hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba mtoto atagundua rangi haikulingana sawasawa.

Nilimpeleka mwenyewe Homa Bay. Mtoto alitoka mlangoni akikimbia, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Kaka yake nyuma yake vilevile. Mama mdogo alikuwa amevua kitambaa, naye hakuwa na nywele. Nilisita kufungua mfuko. Kwetu nyumbani kanisa lilikataza kunyoa kwa ajili ya marehemu, kwa hiyo desturi hiyo niliijua kwa kuisikia. Haikunipitia akilini kwamba inaweza kufika kwa farasi.

Nilimpa farasi. Mtoto alimgeuza, akamnusa, akanirudishia.

"Hii si yangu," alisema. "Yangu tulinyolewa nayo."

Nilianza kueleza habari ya matundu na msusi. Mama mdogo alinigusa mkono. Akaniambia polepole kwamba siku ya kunyolewa, wembe ulipomfikia, mtoto alikataa kukaa mpaka farasi atangulie, kwa kuwa marehemu bibi yake ndiye aliyemnunulia farasi huyo.

Nilimwomba msamaha. Mtoto aliniuliza kama nywele hizo zinaweza kutoka. Nikasema zinaweza, ingawa sauti yangu ilisema vingine. Mama mdogo akaleta makasi ya kukatia nyuzi. Nilitamani mtu mwingine ndiye anyoe, lakini mtoto alikuwa amekwisha kukaa chini mbele yangu, amemshika farasi kwa mikono miwili kama mtu anavyomshika mdogo wake asitikisike.

Nilikata. Kazi ikatoka mbaya, visiki huku virefu na huku vifupi. Nilitaka kuvisawazisha.

"Wacha hivyo," mtoto alisema. Akapitisha kiganja juu ya shingo ya farasi, kisha juu ya kichwa chake mwenyewe, ambako nywele zilikuwa zimeanza kuchomoza. "Sasa tutaota pamoja."

Sikumwambia kwamba nailoni haioti. Hilo bado linanisumbua.

Hofu haijanitoka; sabuni bado naijaribu chini ya kwato. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi, kabla sijamgusa farasi wa mtu, namuuliza mwenyewe ni nini kilichompata farasi huyo.