Golikipa wa Kuikat

Irmeli Vänttinen aliwekwa golini akiwa na miaka sita, kwa sababu kaka zake wanne walihitaji mtu wa kupigiwa. Hakuwa na viatu vya kutelezea, kwa hiyo alisimama juu ya barafu ya ziwa na mabuti yake ya mpira, kafungwa mto wa kitanda kifuani, magoti yakigongana kwa baridi. Kaka zake wakamfyatulia kwa magongo ya hoki kisahani kile cha mpira mweusi mpaka mama yao alipowaita kula. Mama akamkagua binti yake, akaona alama mbili za buluu pajani, akauliza nani kashinda.

"Mimi," alisema Irmeli.

Kaka zake walicheka mpaka wakamwaga maziwa, lakini hakuna aliyeweza kumbishia, maana hakuna aliyekuwa amehesabu.

Hiyo ilikuwa Haukiranta, mji wenye ziwa upande mmoja, msitu pande tatu, na siku hizo kiwanda kimoja cha soksi katikati. Kiwanda hicho kilimmeza kila msichana aliyemaliza shule asijue aende wapi. Irmeli naye kikammeza. Alipewa mashine ya kufunga vidole vya soksi, na kwa miaka mingi miguu ya nusu ya nchi ilipata joto kwa mikono yake, ingawa hakuna aliyemshukuru.

Aliyemtoa Irmeli kwenye mashine hiyo, angalau siku za Jumapili, alikuwa Marketta Juvonen, msimamizi wa sehemu ya kutia rangi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hata mashine zote zikiwaka. Wanaume wa kiwandani walikuwa na timu ya hoki ya barafuni. Majira ya baridi ya mwaka 1982 mafua yaliwalaza karibu wote, uwanja wao kule nyuma ya kiwanda ukabaki mtupu, umefyekwa theluji vizuri, na magongo yameegemezwa ukutani. Marketta aliutazama uwanja ule kwa dirisha la kantini kwa siku mbili. Siku ya tatu akabandika karatasi: anayetaka kucheza aandike jina. Kufikia mchana kulikuwa na majina kumi na manne, moja likiwa la mkurugenzi, aliyedhani ni orodha ya karamu ya Krismasi.

Wakajiita Kuikat, kwa jina la yule ndege wa ziwani anayelia kama mtu aliyekumbuka jambo la aibu. Jezi walizifuma wenyewe kwa sufu ya soksi, kijivu na nyekundu. Zilikuwa jezi nzuri sana mpaka zilipolowa. Zikilowa zilirefuka, na kufikia kipindi cha tatu, cha mwisho, timu nzima ilikuwa imevaa magauni.

Kocha alikuwa Taisto, dereva wa gari la mikate, mwanamume pekee aliyekubali. Mechi yao ya kwanza walisafiri kwenda mji mkubwa zaidi, wakafungwa ishirini na moja kwa bila. Baada ya mechi Taisto aliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo huku kashika kofia mkononi kama yuko msibani. Wasichana wote walikuwa wanatazama sakafu. Akaenda moja kwa moja kwa Irmeli.

"Nilikuwa nahesabu," alisema. "Umezuia sitini na moja."

"Na yaliyoingia?"

"Hayo yamehesabiwa na wengine."

Marketta ndiye aliyeanza kucheka, kisha mwingine, kisha chumba kizima, na wale wenyeji walioshinda, waliokuwa wanavua viatu chumba cha pili, walikuja mlangoni kuuliza kama kuna tatizo.

Miaka ile ilikwenda mbio. Kuikat walijifunza kuteleza kinyumenyume, wakajifunza kugombana na refa, wakapanda daraja. Manispaa ikajenga uwanja wenye paa. Irmeli aliolewa na Veijo, fundi wa mashine za kiwandani, mtu wa maneno machache aliyekuwa akimnolea viatu vyake vya kutelezea kila Ijumaa. Jinsi alivyomchumbia, Irmeli amesimulia mara nyingi. Veijo alipitisha kidole kwenye makali ya chuma na kusema, "Hivi viatu vinakaa kwangu kuliko kwako. Ungekuja navyo tu." Huo ndio uchumba wote. Masika ya mwaka 1991 Kuikat walibakisha ushindi mmoja tu kuingia ligi kuu, wakaukosa katika muda wa nyongeza, na Irmeli hakula chochote isipokuwa kahawa kwa siku mbili.

Mwaka 1994 kiwanda kikafungwa. Wasichana wakaondoka mmoja mmoja, huyu Uswidi, yule kusini, mwingine kwa shangazi mwenye duka la maua. Mazoezi ya mwisho walikuwa sita. Hakuna aliyetangaza kwamba timu imekufa. Watu waliacha tu kuja. Saa yao ya kutumia uwanja kila Jumatano jioni ikapewa wanaume wastaafu wa hoki, bila barua wala simu. Irmeli alibeba vifaa vyote kwa tela la Veijo akavipeleka kwenye ghala la nyumbani, kwa wiki mbili tu, alisema, mpaka mambo yakae sawa.

Vikakaa miaka ishirini na minne.

Yeye mwenyewe alipata kazi uwanjani, kuendesha ile mashine kubwa inayokwangua barafu na kuimwagia maji upya. Watoto walimpungia mkono, wazazi walimwita mama wa barafu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba amewahi kusimama golini pale.

Sasa, mwaka 2018 mwanzoni mwa Septemba, kwenye ubao wa matangazo wa duka la ushirika likatokea tangazo la mkono: *Natafuta wanawake wa kucheza hoki ya barafuni. Uzoefu si lazima.* Chini yake jina, Aliisa Tarkiainen, na namba ya simu. Irmeli alilisoma huku kashika mfuko wa viazi. Akalisoma tena. Kisha akalibandua, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni, akaenda kulipia viazi.

Wiki iliyofuata tangazo lilikuwa limerudi. Akalibandua nalo.

Mara ya tatu karatasi ilikuwa nusu mfukoni aliposikia mtu nyuma yake.

"Samahani mama, hilo ni langu."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, na kofia ya sufu imeshushwa mpaka nyusini.

"Limekaa upande," alisema Irmeli.

"Na la wiki iliyopita? Nalo lilikaa upande?"

"Lile lilikuwa na kosa la tahajia."

"Mimi ni mwalimu, mama."

"Wa lugha?"

"Wa hesabu."

"Ndiyo maana."

Aliisa hakucheka. "Kama hutaki wanawake wacheze, si uniambie tu usoni. Nimehamia hapa Agosti, sijui mnachukia nini na mnapenda nini."

Irmeli aliikunjua ile karatasi. Mwuza nyama alikuwa ameacha kukata soseji ili asikie vizuri. Mwishowe Irmeli akasema, "Una gari?"

Wakaenda nyumbani kwa Irmeli. Veijo alikuwa anapasua kuni; akamwona mkewe akimpeleka mgeni ghalani, akaweka shoka chini akafuata, kwa kuwa mgeni ghalani halikuwa jambo la kila siku. Ndani, kwenye rafu, vilipangwa vifaa vya timu nzima: helmeti kumi na saba, magongo yaliyofungwa kwa kamba, viatu vilivyopakwa mafuta, na pedi za golikipa zenye ngozi iliyong'aa kama ya jana.

"Kila Septemba anavianika uani," alisema Veijo kutoka mlangoni. "Majirani huanika mazulia."

Aliisa alishika helmeti, akaigeuza. Ndani yake kulikuwa na jina limeandikwa kwa kalamu ya kiwandani. "Sasa kwa nini ulikuwa unayabandua?"

Irmeli alijishughulisha na kamba ya pedi. "Lingekaa pale mwezi mzima," alisema, "na mtu asipige simu. Kila siku nikienda kununua maziwa ningeliona. Nikaona heri lisiwepo."

"Na walionipigia?"

"Nani kakupigia?"

"Wanane, mama. Kabla hujalibandua la kwanza."

Veijo alikohoa na kutoka nje, na kutoka kule kwenye kuni wakamsikia akicheka peke yake, jambo ambalo Irmeli alisema baadaye hajawahi kulisikia tangu kuzaliwa kwa binti yao.

Jumapili iliyofuata walifika uani kwa Irmeli kumi na mmoja. Alikuwepo mchungaji mwanamke wa kanisani, kinyozi mmoja, mama na binti yake, na wengine waliokuja kuangalia tu wakakosa ujanja wa kuondoka. Marketta Juvonen naye alikuja, miaka sabini na mmoja, na fimbo ya kutembelea tangu alipobadilishwa nyonga hospitalini.

"Nyonga moja ni yangu, moja ya serikali," aliwaambia wasichana waliomtazama kwa wasiwasi. "Ya serikali ndiyo nzuri. Pangeni mstari."

Tatizo likawa barafu. Ratiba ilijaa, na aliyeishika ni Reijo Hämeenaho, mwenyekiti wa kamati ya uwanja na vilevile nahodha wa wale wastaafu wa Jumatano. Alikuwa mtu mpole, ila mpole wa aina ile inayokutabasamia huku imekalia kiti chako.

"Saa yetu hii ni ya jadi," alimwambia Irmeli.

"Reijo, mimi ndiye nawatengenezea barafu. Nawahesabu. Wiki iliyopita mlikuja wanne, na mmoja alikuja kulala kwenye benchi."

"Alikuwa anapumzika."

"Alikuwa anakoroma. Tucheze nanyi mechi. Tukiwafunga, saa ni yetu."

Reijo alicheka kwa moyo mweupe. "Mama wewe. Hata mkitufunga magoli matatu tu, chukueni."

Irmeli akamtaka arudie maneno hayo mbele ya Marketta, na Reijo, akiwa bado anacheka, akayarudia.

Siku ya mechi watu wa Haukiranta walijaa kuliko walivyojaa mwaka mzima, maana mwuza nyama alikuwa ametangaza habari kwa kila mteja. Hakuna msichana aliyekubali kukaa golini. Irmeli alikuwa amejiandaa kugawa chupa za maji tu. Marketta akamtazama, kisha akazitazama pedi, kisha akamtazama tena. Ilimchukua Irmeli dakika ishirini kuvaa, na Veijo alilazimika kumfunga mikanda kwa nyuma.

Wastaafu walijua hoki, huo ndio ukweli. Kufikia kipindi cha pili ilikuwa sita kwa moja. Lakini walikuwa pia na mioyo ya miaka sitini na matumbo waliyojilimbikizia wenyewe, na katika kipindi cha tatu walianza kubadilishana wachezaji kila nusu dakika, huku yule wa kulala benchini akikataa katakata kuinuka. Kinyozi akafunga la pili. Wastaafu wakafunga mawili zaidi. Irmeli alianguka, akainuka kwa magoti, akaanguka tena. Alizuia kwa mguu, kwa bega, mara moja kwa paji la helmeti, akabaki anasikia kengele masikioni. Zikiwa zimebaki sekunde hamsini, Aliisa alikipata kisahani katikati, akateleza kama anayekimbia mvua, akapiga, nacho kikapita kati ya miguu ya golikipa wao.

Nane kwa tatu. Kuikat walirukiana, wakalundikana juu ya Irmeli, wakaimba, wakapiga picha. Ng'ambo ya pili washindi walitoka uwanjani wameinamisha vichwa, na mke wa Reijo alisikika akimwambia, "Pole, mume wangu, mtajitahidi mwakani."

Baada ya wiki tatu Reijo alimkuta Irmeli kwenye karakana ya mashine. Alizungukazunguka, akasifu matairi.

"Sema, Reijo."

"Vijana wangu wanauliza. Jumatano. Kama mnahitaji watu wa kufanyia mazoezi."

"Unaujua mkate wa iliki wa mkeo?"

"Naujua."

"Mje nao."

Mwaka uliofuata Kuikat walijiandikisha daraja la chini kabisa. Walishinda mechi mbili, na msimu wa pili saba. Msimu wa tatu alikuja Inkeri, wa miaka kumi na saba, golikipa wa kweli mwenye miguu kama springi, na Marketta akamwita Irmeli pembeni. Hakumzungusha: golini sasa atakaa Inkeri. Irmeli alisema sawa, akaenda nyumbani, na kwa siku nne akachambua magongo ghalani. Siku ya tano alikuja mazoezini akiwa na gongo la mshambuliaji, jembamba, ambalo hakuwahi kulishika maishani.

"Una miaka sitini na mbili," alisema Marketta.

"Wewe una nyonga ya serikali."

Akapangwa mstari wa nne, kundi la mwisho kuingia barafuni, dakika chache kila mechi, mahali ambapo hawezi kuharibu sana. Februari, ugenini, matokeo yakiwa mawili kwa mawili, aliambiwa akasimame mbele ya goli la wapinzani amkinge golikipa asione. Akasimama. Nyuma yake mchungaji alipiga kwa nguvu zake zote, na kisahani kikamgonga Irmeli kwenye kalio la kulia, kikabadili njia, kikaingia.

Refa alikuja kuuliza mfungaji ni nani. Mchungaji, ambaye hawezi kusema uongo, alimwonyesha Irmeli kwa kidole. Irmeli alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtoka, anajisugua.

"Ulikusudia?" aliuliza Inkeri walipomnyanyua.

"Nimekusudia miaka yote hii," alisema Irmeli.

Gazeti la mji liliandika kwamba Vänttinen alifunga goli la ushindi "kwa mwili". Kwa siku tatu aliendesha mashine ya barafu akiwa amesimama wima, mikono kwenye usukani, na watoto walipomuuliza kwa nini hakai, aliwajibu kwamba wafungaji ndivyo wanavyoendesha.