Kuku wa Mama Kutoka Homa Bay

Enzi zetu sisi tuliokulia Mwanza, kwenda ng'ambo hakukuhitaji ndege. Ulivuka mpaka pale Sirari, ukanywa soda ya Kenya, ukarudi kuwaringia wenzako wa mtaani Mirongo mwaka mzima. Ruksa ya biashara huria ilikuwa bado changa na maduka yalikuwa yameanza kujaa, lakini sabuni iliyotoka Kenya ilinukia kuliko ya dukani kwetu, au ndivyo tulivyoamini.

Nilikuwa darasa la nne mama alipojifungua mdogo wangu wa mwisho. Mama ni Mjaluo wa Homa Bay, na hakuwa ameonana na mama yake tangu mimi nikibebwa mgongoni. Safari hiyo pia hakuweza kwenda, kwa sababu ya kichanga. Baba akaazima pikapu, akanichukua, tukalizunguka ziwa kwenda kuwapa wakwe habari njema. Siku ya kuondoka bibi alinikabidhi kuku mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga yake kuukuu.

"Mpe mama yako mkononi," alisema. "Afike mzima."

Tulilala Musoma. Kipande cha mwisho, Musoma hadi Mwanza, nakikumbuka kama jana. Lami ilikuwa na mashimo, baba anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kukwaruza, na tulipopita Bunda ziwa likajitokeza upande wa kulia pamoja na harufu ya dagaa walioanikwa. Mimi nilikuwa na kazi moja tu. Kuku alikuwa mapajani mwangu, mdomo wazi kwa joto, na kila tuliposimama nilimnywesha maji kwa kizibo cha soda. Nilimwomba Mungu asife.

Kupita Magu bila kuingia kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, hakukuwezekana. Angesikia, na angenuna hadi Krismasi. Tulipofika baba akaniambia, "Shuka naye, humo ndani jua litamuua." Hapo ndipo alipokosea. Kwao baba, mgeni akiingia uani na kuku mkononi, kuku huyo ni wa mwenye nyumba, hakuna cha kuuliza. Yeye aliyezaliwa uani pale pale alisahau.

Nilipiga magoti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ahsanteni kwa mboga," akasema, akampokea kuku na kuelekea jikoni.

Nikamtazama baba. Baba akatazama viatu vyake. Mwanaume aliyebishana na watu wa forodha mpaka wakachoka, alishindwa kufumbua mdomo mbele ya dada yake, maana kudai kilichokwisha kupokelewa ni kumtukana. Akatafuna michembe, vile viazi vikavu tulivyokaribishwa, taratibu kana kwamba ameletewa mtihani. Nasi watoto wa zamani hatukuingilia mambo ya wakubwa. Wa siku hizi angesema, "Shangazi, huyo si wako," kisha akaomba chaja.

Niliposikia kisu kikinolewa kwenye jiwe nilishindwa kuvumilia. Nikakimbilia jikoni nikilia.

"Unalia nini?" shangazi akauliza.

"Bibi alisema afike kwa mama."

"Bibi yupi?"

"Wa Homa Bay. Amempa mama kwa sababu amejifungua."

Shangazi akaweka kisu chini. Akatoka hadi kwa baba, mikono kiunoni.

"Kuku wa mzazi, tena katoka kwa mama yake, unaniacha nimchinje? Ulitaka mkeo aniwekee kinyongo maisha yake yote?"

"Nilikuwa nakuheshimu, dada," baba akasema.

"Heshima gani hiyo ya kukaa kimya kama gunia?"

Akamfunga kuku upya kwa kile kipande cha kanga, kisha akaongeza jogoo wake mwenyewe. "Huyu ni wa supu. Mwekundu asiguswe," alisema. Kutoka Magu hadi Kisesa baba alicheka peke yake, nami nikacheka naye, na sijui kama nimewahi kufurahi kiasi kile ndani ya gari.

Mama alitupokea mlangoni. Nilimpa kuku mkononi. Hakutusalimia kwanza, alizika pua kwenye manyoya yake na kusimama hivyo kitambo.

"Ananukia moshi wa jikoni kwa mama," alisema, huku machozi yakimtoka na akicheka.

Leo wanangu wanaongea na mama yangu kwa video kila jioni. Wanamwona hadi meno, wanampungia mkono huku jicho moja liko kwenye mchezo wao. Nawatania, lakini siwalaumu, na mama mwenyewe anaipenda simu hiyo kupita kiasi. Yeye hakuipata kwa wakati wake. Bibi alifariki kabla hawajaonana tena, na jioni ile mlangoni petu Mirongo ndiyo mara ya mwisho mama alipokuwa karibu na mama yake.