Mkungu wa Kuongezea

Naomba niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Muleba, maana wao wanaongeza chumvi: mimi ni Mhaya, nimezaliwa Kagoma, nimekulia ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, nina shahada ya kilimo, na siku moja niliwapikia wageni ndizi za pombe. Nimeshasema. Sasa nieleze ilivyokuwa, kwa sababu aibu ile haikunikuta njiani, niliiendea kwa miguu yangu nikiwa na panga mkononi.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe sikulala, na kilichoninyima usingizi kilikuwa swali moja tu: je, ndizi zitatosha? Mama, kabla hajaondoka kwenda msibani kwa dada yake, alinichagulia mkungu mmoja mkubwa, mnene, akauegemeza ukutani jikoni na kuniambia, "Huu unawatosha hata mkiwa kumi, Koku. Usiguse kingine." Tulikuwa saba. Mtu mwingine angelala. Mimi nilianza kupiga hesabu ya vidole vya ndizi kwa kila mtu, nikatoa maganda, nikatoa zitakazopondeka, nikafikiria je kama mtu ataongeza mara mbili, je kama ataongeza mara tatu, je kama gari litaharibika na tukalazimika kula mlo wa pili (ndiyo, nilifika huko).

Msinicheke bado, nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili na kazi hakuna, kila nikienda kanisani kuna mtu ananiuliza "bado?" kwa sauti ya kumwulizia mgonjwa. Basi nikapata wazo langu la kwanza ambalo halikuhitaji barua ya maombi: nitakuwa natembeza familia. Nawapeleka kuona msonge wa kale, ile nyumba yetu ya nyasi ya mviringo, upande wa Buganguzi, naonyesha mahali wazee walipoyeyushia chuma, halafu tunakula chakula chetu cha nyumbani pale pale. Shangazi Adelina, dada yake baba, ambaye ni mwenyekiti wa akina mama katika usharika wao Bukoba mjini, alilipenda. Akasema, "Tujaribu sisi wa nyumbani kwanza. Nikiridhika, mwezi ujao nakuletea akina mama thelathini. Nisiporidhika, wewe ni mtoto wetu tu, tutakula tutaondoka."

Hiyo "tutakula tutaondoka" ndiyo iliyonitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Nikachukua panga, nikazunguka nyuma ya jiko, karibu na dirisha la chumba cha Babu, ambako kulikuwa na mkungu umening'inia chini chini, umefunikwa kwa majani makavu. Nikajiuliza kwa nini umefunikwa. Nikajijibu kitaalamu kwamba ni kuukinga na jua. Nikaukata.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze kidogo. Kuna ndizi za kupika, kuna za kuchoma, kuna za kula mbivu, na kuna embire, ambazo kazi yake ni moja tu, kukamuliwa maji na kuwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mtoto wa Kihaya wa miaka sita anazitofautisha. Mimi nilipelekwa shule ya bweni mapema, nikarudi likizo kula zilizoiva, nikaenda chuo nikasoma magonjwa ya migomba kwa majina ya Kilatini. Nilipoanza kumenya ule mkungu wa kuongezea, utomvu ulininata hadi kwenye viwiko na vidole vikawa vyeusi kama nimetengeneza baiskeli, nikakumbuka somo la mwaka wa pili kuhusu utomvu kukutana na hewa, nikaridhika kabisa. Nikazichanganya zote, za Mama na za kwangu, kwenye sufuria moja, pamoja na maharage, nikafunika kwa majani ya mgomba. Sikuonja. Kwa wasiwasi niliokuwa nao, hata chai ilikuwa imekataa kushuka.

Shangazi alifika saa tatu na gari lao, na mume wake, Anko Elisante, na watoto wao wawili. Anko ni Mchaga wa Machame, mtu mpole, msema kweli, na naye ndizi anazijua (hili nililisahau katika mahesabu yangu yote). Babu alikaa mbele na fimbo yake. Babu ni mzee wa kanisa mstaafu, na ni vizuri mjue kwamba miaka kadhaa nyuma alisimama mbele ya usharika mzima akatangaza kwamba yeye na rubisi basi, na Shangazi ndiye aliyelia kwa furaha kuliko wote.

Msongeni kila kitu kilikwenda vizuri kiasi cha kunitisha. Ta Ishengoma, mzee anayeitunza ile nyumba ya ukoo wao, alikuwa ametandika nyasi mbichi chini, tukavua viatu, tukainama kuingia, akatupa kahawa za kutafuna kama mgeni anavyopokelewa, akawaonyesha watoto upande wa ng'ombe na upande wa kulala. Akatupeleka migombani penye vipande vya mirija ya udongo ya wale wafua chuma, Anko akavishika kimoja kimoja kama mayai. Shangazi akaninong'oneza, "Koku, akina mama watapenda hapa." Nilikuwa na furaha. Ilidumu kama dakika arobaini.

Tukarudi ndani, Anko akaombea chakula, nikafunua majani, mvuke ukapanda, nikapakua kwa heshima nikianza na Ta Ishengoma na Babu. Rangi ilikuwa ya wekundu wekundu. Nikajiambia ni maharage.

Wakaanza kula.

Sasa, kwetu mtu akikupikia husemi kitu. Unakula, unashukuru, unaondoka. Kwa hiyo watu wazima wote walikuwa wanatafuna kwa adabu, na mimi nikawa nasoma nyuso zao. Ta Ishengoma alitafuna polepole, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Shangazi alikuwa anahamisha tonge kutoka shavu hili kwenda lile. Watoto wamepanga ndizi pembeni ya sahani na wanakula maharage moja moja. Anko aliomba maji, akaomba tena maji.

"Zikoje, Anko?" nikauliza, sauti imepanda yenyewe.

"Ni nzuri," akasema. Akameza kwa kazi. "Zina msimamo."

Nikawaza ni chumvi. Hapana, ni maharage hayakuiva. Au wamechoka. Au ni ile kahawa waliyotafuna. Nikachukua kipande nikatia mdomoni, na ulimi wangu ukakunjika kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Ukakasi! Mdomo mzima ukakauka, meno yakahisi yamevaa soksi.

Ta Ishengoma akaweka sahani chini, taratibu, akaniangalia kwa huruma.

"Binti yangu," akasema, "rubisi yako hii bado haijaiva."

Anko ndiye aliyeanza kucheka, na maji yakamtoka puani. Watoto wakaangua. Lakini Shangazi hakucheka. Alichukua kipande, akakibonyeza, akakinusa.

"Mawe, mama yangu! Embire hii! Koku, embire umeitoa wapi?"

Mimi nikageuka kumtazama Babu ili anisaidie, nikamkuta anakagua paa la msonge, fito kwa fito, kama fundi aliyeitwa kulikarabati. Na hapo ndipo nilipoelewa yale majani makavu yalikuwa yanaukinga mkungu na nini. Halikuwa jua.

Ningesema nimeukata nyumbani, Shangazi angeuliza nyumbani kwa mzee wa kanisa embire ya nini. Nikafikiria mambo kumi kwa sekunde moja, nikachagua baya kuliko yote.

"Nilinunua," nikasema. "Sokoni, Muleba."

"Muleba?" Shangazi akanawa mikono. "Safi sana. Tunapita hapo hapo tukirudi. Utanionyesha huyo aliyemwibia mtoto wangu."

Njia nzima niliomba gari liharibike, lile lile gari nililoliogopea usiku kucha. Halikuharibika. Tukafika Muleba, Shangazi akashuka na kipande cha ushahidi kimefungwa kwenye jani, akanishika mkono kama nina miaka saba, tukaingia upande wa wauza ndizi. "Ni yupi?"

Hapa nilijiona mjanja. Nikatafuta sehemu isiyo na mtu, nikaona kreti limegeuzwa, mikungu mitatu pembeni, mwenyewe hayupo. Nikasema, "Alikuwa pale, Shangazi. Naona ameondoka." Nikapumua.

Nikasikia nyuma yangu, "Nani ameondoka?" na mama mmoja mnene, kikombe cha chai mkononi, akapita katikati yetu akakalia kreti lake. Jina lake Ma Leokadia. Sasa nalijua vizuri.

"Wewe ndiye umemwuzia huyu mtoto embire akapikie wageni?" Shangazi akafungua jani.

Ma Leokadia akatazama kile kipande, akanitazama mimi, akaweka chai chini.

"Mimi? Embire? Waitu, mimi nauza ndizi hapa tangu huyu hajaota meno! Jamani, njooni! Njooni msikie! Ati nimeuza embire kwa kupika!" Soko likasogea. "Na wewe binti, Mhaya gani anapewa embire anaibeba mpaka nyumbani, anaimenya, anaipika, hajui? Umesoma wewe?"

"Amesoma," akasema Anko, ambaye hajawahi kuulizwa kitu akanyamaza. "Chuo kikuu."

"Amesoma nini?"

"Kilimo."

Sitaeleza kicheko kile. Kulikuwa na mwanamke aliyelalia magunia yake ya maharage akawa anayapiga kwa ngumi. Mwingine akapaza sauti hadi kwa wauza samaki, "Kilimo! Amesoma kilimo!" na wauza samaki nao, ambao hawakujua kisa, wakacheka kwa kuamini tu.

Lakini katikati ya kicheko nikamwona Ma Leokadia, na yeye hakuwa anacheka tena. Mteja aliyekuwa ameshika mkungu wake mmoja alikuwa ameurudisha chini, kimya kimya, na kuhamia kwa jirani. Kumbe uongo wangu ulikuwa umeshaanza kumgharimu. Huku mama wa watu, kule Babu ndani ya gari na ushuhuda wake wa kanisani. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na muda wa kuwaza.

"Hakuniuzia," nikasema. Hakuna aliyesikia, ikabidi nipige kelele. "Hakuniuzia! Nimemsingizia! Nimekata mwenyewe nyumbani kwetu, nikidhani ni za kupika! Sijui ndizi!"

Shangazi akanigeukia polepole.

"Nyumbani kwetu? Nyumbani kwetu kuna embire?"

Mlango wa gari ukafunguka. Fimbo ikatangulia, Babu akafuata, akaja mpaka kwenye kreti, akavua kofia mbele ya Ma Leokadia.

"Adelina, mwache mama wa watu. Embire ni yangu."

"Ya nini, Baba?"

"Ya juisi."

"Juisi ya siku ngapi?"

Babu akarudisha kofia kichwani, akaiweka sawa. "Inategemea na wageni," akasema.

Hata Shangazi alishindwa. Alicheka akiwa amejishika kiuno, huku anamwambia, "Tutaongea, Baba, tutaongea," na sijui waliongea nini, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma ya gari nikijifanya nafunga sufuria. Tulipofika nyumbani alinikumbatia, akaniambia pole, na kuhusu akina mama thelathini hakusema lolote. Tumekula, tumeondoka.

Siku tatu sikutoka nje. Niliwaza kuacha, niliwaza kuhamia Mwanza, niliwaza kuomba kazi ya kitu chochote kisicho na majani. Siku ya nne niliamka nikaenda Muleba, kwa Ma Leokadia, nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka, halafu nikamwomba kingine: wageni wangu wakija, ndizi anichagulie yeye, na aje apike na mimi. Akasema, "Kaa hapa kwanza," akanikalisha kwenye kreti mpaka mchana, kila mkungu unaoshuka ananiambia shika, nusa, huu ni upi? Nikikosea anawaita jirani zake waje waone. Nilikosea mara nyingi. Jioni nilimpigia Shangazi kabla moyo haujageuka, nikamwambia awalete wale akina mama.

"Atakayechagua ndizi ni nani?" akauliza.

"Ma Leokadia."

Akacheka, akanitajia tarehe.

Walikuja mwezi jana. Usiku wa kuamkia siku yao nilijilaza, mikungu imepangwa jikoni, imehesabiwa na Ma Leokadia mwenyewe, na kabla sijafumba macho nikalisikia lile swali linaingia taratibu kama mgeni aliyezoea nyumba: je, zitatosha? Nikaamka. Nikachukua panga jikoni, nikabisha kwa Mama, nikamkabidhi.

"La nini?" akauliza, usingizi umemjaa.

"Lilalie," nikamwambia, nikarudi kitandani, nikalala mpaka asubuhi.