Fremu Moja

Wakati wa Zaïre, atelie yetu ya Bukavu ilikuwa na fremu moja tu ya kitambaa ya kuchapia afishi, yaani mabango ya ukutani. Ikija kazi mpya, tuliosha kwa petroli mchoro wa zamani uliokuwa kwenye kitambaa. Mwenzangu alichora mwanamke aliyebeba mzigo, anayefanana na mke wake, kwa afishi ya mkutano wa wamama wa mtaa wa Bagira. Halafu akafa. Nami, mpumbavu, asubuhi ya mazishi nikaosha fremu, eti kwaya inangoja afishi yake! Kesho yake mjane akaja kuomba ule mchoro. Nilikimbia hadi Bagira kutafuta hata afishi moja. Mvua ilikuwa imebandua afishi zote ukutani. Niliporudi, nilimkuta ameinua kitambaa kitupu dirishani, anajitafuta.

"Papa," akaniuliza, "hata kidogo haikubaki?"

Nikaficha mikono. Wino wa mchoro ule ulikuwa bado ndani ya kucha zangu.