Mgongo wa Mteka Maji wa Sericho

Jua halijachomoza vizuri, na Dida Jarso tayari yuko ndani ya kisima, Sericho. Miguu yake imekanyaga gogo, mgongo umeegemea udongo baridi. Chini yake kuna wanaume wawili, juu yake wawili. Ndoo ya ngozi inapanda mkono hadi mkono, na wimbo unapanda nayo. Anayeimba leo ni yeye, na anaimba polepole, kama mtu anayebembeleza ndama.

Juu, kando ya hori la udongo, Kalicha, msimamizi wa zamu za kunywesha, amekunja uso. Ameshatoa neno: hori lisipojaa kwa mwendo huo wa kobe kabla ya jua kufika utosini, Dida atatolewa kwenye mstari. Na hapa kila mtu anajua maana yake. Asiye na mikono kisimani, ng'ombe wake hunywa mwisho.

"Ng'ombe ikikunywa mwisho, inakunywa matope," asema Dida. "Mimi nimeona hiyo. Sitaki kuona tena."

Aliiona mwaka wa 1984, kwenye kiangazi kile ambacho watu hawapendi hata kukitaja. Alipokea ndoo huku amepinda kiuno, na kitu kikamkata mgongoni. Akapandishwa juu kwa kamba. Ami yake akamchoma kiunoni kwa chuma cha moto, dawa ya wazee, na makovu yapo hadi leo. Kisha akalazwa juu ya ngozi, marufuku kusogea, hata uji akawa ananyweshwa. Jamani, mwanamume mzima. Mwezi ukaandama, ukafa, mwingine ukaandama. Alipoinuka, miguu ilitetemeka, na nusu ya ng'ombe wake walikuwa mifupa.

"Nilikuwa naota tu," akumbuka. "Naota niko ndani ya Ewaso Nyiro, maji imenibeba, kiuno haina uzito."

Maumivu yaliendelea kumrudia miaka yote hiyo, na hatimaye mkewe, Kabale, ndiye aliyempakia kwenye lori la mbuzi kwenda Isiolo mjini. "Alikataa. Nikamwambia, kama ni kufa, heri ufe ukienda mahali," asema mama huyo, akicheka.

Katika zahanati moja karibu na Bulla Pesa, muuguzi aitwaye Mathenge alimbonyeza mgongo, akamwinua mguu mmoja mmoja, akamuuliza kama miguu hufa ganzi, au kama mkojo humtoka bila kujua. La. Basi, akamwambia, mfupa haujavunjika. Maumivu mapya, mengi hupoa yenyewe kwa majuma machache mtu akiendelea kutembea taratibu. Yakipita miezi mitatu, mtu hujifunza kuishi nayo, na kulala siku nzima ni kuyalisha.

"Mzee, mgongo inataka kutembea," alisema Mathenge. "Na mzigo, kunja magoti, ulete karibu na tumbo. Usijipinde."

Dida alikasirika. Kusafiri kote huko juu ya mavi ya mbuzi, halafu uambiwe utembee. Lakini alitembea, jioni, nyuma ya ng'ombe, kwanza hadi mgunga wa karibu, kisha mbali zaidi, mpaka vumbi likawa la zambarau na akasahau kwamba kiuno ni chake.

Taabu ilikuwa kisimani. Wimbo wa kuteka maji ni wa kasi, na ndoo hufika kabla magoti hayajakunjwa. Kusema unaumwa ukiwa ndani ya mstari ni aibu, kwa hiyo akanyamaza na kupinda kiuno vilevile kama zamani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Juma lililopita kiuno kilikaza, ndoo ikamponyoka, maji yakawamwagikia wenzake, wimbo ukakatika.

Hapo sauti ikatoka chini. Ilikuwa ya Dabaso, kijana mwenye mabega mapana kuliko wote. "Hata mimi mgongo inaniua. Tangu mwaka jana." Mwingine, juu, akasema yaleyale. Kumbe mstari mzima ulikuwa unaugua kimyakimya.

Ndipo Dida akaomba wimbo upunguzwe mwendo. "Tangu lini kiuno ya mtu ikapangia ng'ombe saa ya kunywa?" Kalicha alimjibu. Hata hivyo alitoa siku moja ya kujaribu, na siku yenyewe ndiyo leo.

Asubuhi inapita kama usingizi. Dida anaimba majina ya ng'ombe waliokufa, kisha ya waliobaki, na magoti ya wanaume yanakunjika na kunyooka pamoja. Kwa wimbo wa zamani walisimama kila mara, wakapumua, wakalaumiana. Leo hakuna anayeomba kusimama. Maji yanapanda tu. Jua linapokaribia utosini, hori linafurika na kulowesha viatu vya Kalicha. Anarudi nyuma hatua moja.

"Itisheni ng'ombe ya Dida," asema, na kugeukia kwingine.

Kiuno bado kinauma, na Dida hafichi tena. Watu wa kisima cha jirani wamemwita akawafundishe mwendo wake, naye ameamua kwenda, kwa miguu. Ng'ombe wake wameinamisha vichwa kwenye maji safi.

"Siombi maumivu iishe," asema. "Naomba ikikuja, inikute nimesimama."