Taa ya Video Ukumbini

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mshereheshaji wa siku ile. Mpaka leo nikimwona mjini navuka barabara.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, viwanda vya minofu ya sangara vinaota ufukweni kama uyoga, na kila mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, unagombewa. Mimi nilikuwa mchora ramani, na nilikuwa nimechora kwa kompyuta mpango mpya wa mwalo wetu. Upande mmoja kiwanda, upande wa pili eneo la akina mama wanaokaanga mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Mapanki ndiyo yaliyonisomesha.

Eneo lao nililipaka bluu iliyokolea. Bosi akaibadilisha, eti iwe njano ya kupauka, inapendeza. Nikamwambia, mzee, kwenye kompyuta itapendeza, lakini hii projekta tuliyoazima ina mwanga hafifu. Ukutani njano hiyo haitaonekana, isipokuwa ukumbi uwe giza.

"Basi funga mapazia," akanijibu. "Unapenda sana ubishi, binti."

Siku ya kumwonyesha mgeni rasmi mpango huo, nikafunga. Mshereheshaji akaja akayafungua yote. "Mgeni rasmi akae gizani kama mwizi?" Kana kwamba hiyo haitoshi, mpiga video akawasha taa yake, ile kali ya harusini, akammulika mgeni rasmi, ambaye kiti chake kilikuwa palepale ubavuni mwa picha yangu. Nikamsihi mpiga video azime kidogo tu.

"Dada, kanda hii inakwenda kwa wakubwa. Toka mbele ya kamera."

Ala! Nilitamani kuung'oa ule waya na kumchapa nao.

Picha ikatoka. Kiwanda chekundu, barabara nyeusi, ziwa la bluu. Eneo la akina mama likawa jeupe pee, sawa na ukuta wenyewe.

Mgeni rasmi akanyoosha kidole. "Na hapa? Naona pako wazi. Malori yaegeshwe hapa."

Makofi. Na bosi, mtu mzima hovyo, anayejua kila kitu, naye akapiga! Nikapaza sauti, "Mheshimiwa, hapo pana watu!"

"Maswali mwisho," mshereheshaji akanikatiza, akaita ngoma. Huo mwisho haukuwepo. Baada ya ngoma zilikuja soda, kisha picha ya pamoja.

Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa na wenzake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilimkuta nje, hasira zimenijaa mpaka nashindwa kumwamkia.

"Mwanangu," akasema, "kiwanda umekichora vizuri. Sisi mbona hukutuchora?"

Nikamwambia niliwachora, tena kila jiko. Ni ile taa ndiyo iliyowafuta.

"Taa?" akauliza.

Wenzake wakatazamana. Mama akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka nao, wala hakunisubiri.