Damu ya Bundi Aliisoma kwa Sauti

Damu ya kwanza mume wangu kunionyesha ilikuwa ya bundi. Yake hakunionyesha kamwe. Hilo sijamsamehe, na sijui kama nataka kumsamehe.

Tulikuwa Buhembe, kwetu Uhayani, miaka ile ya UKIMWI, msiba ukitoka nyumba hii unaingia ile. Siku hiyo tulikuwa tunamzika jirani. Bundi alitua kwenye mparachichi karibu na kaburi, mchana kweupe, na waombolezaji wakamgeuzia hasira zote walizokuwa nazo. Mawe. Alipoanguka kibanjani, katikati ya migomba, mume wangu alivua koti akamfunika, akambeba kama mtoto.

"Mwanangu, unatuletea kifo nyumbani?" mama yake alimaka.

"Mae, kifo hakisubiri kubebwa. Huyu kaumia bawa tu."

Mtu akadakia, "Mpikieni na ndizi, ale nanyi!" Watu wakacheka, msibani palepale.

Mume wangu alikuwa mtu wa maabara katika hospitali ndogo ya mjini, kutwa anatafuta malaria kwenye damu za watu. Alimtia bundi kwenye tenga la kuku, akalifunika kwa kitenge changu kizuri bila kuniuliza. Nilipogomba akasema, "Akituona anaogopa, na hofu inaingia kwenye damu. Njoo kesho kazini nikuonyeshe."

Nikaenda, mtoto mgongoni. Alikuwa ametoa tone kwenye mshipa wa chini ya bawa, akalipaka kwenye kioo na kulitia rangi. Nikainama kwenye hadubini. Sekondari tulichorewa ubaoni damu ya mtu, chembe nyekundu zisizo na kiini. Hizi zilikuwa ndefu kama mayai, kila moja na kiini chake cha zambarau. Akaniwekea mkono shingoni, akanielekeza kichwa.

"Hao wakubwa wenye vijiti vyekundu ndani ni askari. Jeraha limewatoa kambini wote."

"Na hawa wadogo?"

"Wamepungua. Hiyo ndiyo hofu. Sasa tazama ile chembe, kuna kitu kimekikumbatia kiini. Kimelea, jamaa ya malaria. Huenda alikuwa nacho siku nyingi, kimya."

"Kumbe naye ni Mhaya, ana malaria."

Akacheka mpaka akakohoa.

Mkono wake ulinukia spiriti. Ulikaa shingoni mwangu muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nautaja kwa sababu nyumbani alikuwa amehamia mkeka wa sebuleni. "Mtoto analia, sipati usingizi," alisema. Mume wangu yuko upande wa pili wa ukuta, nami namtamani kama mtu aliye safarini! Nikaamua kwamba ana mwanamke mwingine. Nilimwambia hivyo, kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Bundi akapona polepole, akila nyama ambayo sisi wenyewe hatukuila. Siku moja mume wangu alirudi karibu anakimbia.

"Mke wangu! Kuna chembe changa, za mviringo, bado hazijakomaa. Damu inazaa upya!"

Bawa lilipopata nguvu alimwachia kibanjani. Akapaa upandeupande, akapotea nyuma ya migomba. Mama mkwe akatema mate. Mume wangu akabaki ametazama juu, na hapo ndipo nilipoiona shingo yake ilivyokonda.

"Wewe yako umeipima?"

"Malaria tu hii."

"Sikukuuliza malaria."

Akachukua panga, akaenda kukata majani ya migomba.

Tulipokwisha kumzika mume wangu, mwenzake wa maabara aliniambia, "Shemeji, nilidhani unajua. Alipima kabla hata ya yule bundi."

Kabla. Kumbe siku ile, mkono ukiwa shingoni mwangu, alikuwa anajua. Mkeka nao ukajieleza, nikakasirika zaidi. Angeniambia, ningekwenda kulala naye hukohuko sebuleni, kila mtu na blanketi lake, tukashikana mikono. Nani alimwambia siwezi?

Mama mkwe alinikataza kupima. "Mkamwana, ukijua utakufa upesi. Huyu mtoto nitamlea na nani?"

"Mae, ndiyo maana naenda. Nataka kujua kama ana mama."

Mtoto alikuwa bado ananyonya. Yule mwenzake alinifunga mpira mkononi, akachukua damu yangu na ya mtoto.

"Majibu yakija usininong'oneze," nilimwambia. "Soma kwa sauti, kama mwenzako alivyonisomea ya bundi."

Yalipokuja, akasoma kwa sauti. Sina. Mtoto hana.

Hadubini ilikuwa palepale mezani, imefunikwa kitambaa. Nilisimama mbele yake, shingo tupu. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumkimbilia na habari ile, nimwambie, nimtukane, kisha nimwambie tena.